Fungu Zito Kuliko Yote Barazani

Nilipoanza biashara yangu Bariadi nilikuwa nimeshajihakikishia kwamba hakuna kitu kilichobaki cha kunishangaza. Nasema kweli, sijisifu. Au acha niseme najisifu, maana mtu aliyeishia darasa la nne, akabeba magunia ya pamba tangu shingo haijakomaa, asipojisifu mwenyewe nani atamsifia? Kwetu Zagayu nilibeba pamba mpaka bega la kulia likawa gumu kama kisigino. Niliona ghala limejaa hadi kwenye mabati, na mkulima aliyeileta hiyo pamba akingoja malipo msimu mpaka msimu. Kisha nikaona wanunuzi binafsi wanakuja na magari yao na hela mkononi, na wale wale waliokuwa wakituhutubia kwamba biashara ni unyonyaji wakafungua maduka. Ukishaona hayo yote kabla hujafikisha miaka thelathini na mbili, utashangaa nini tena?

Nilikuja kushangazwa na kadi za jojo.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Vitu vilivyokuwa vikisikika tu kwa watu waliotoka safari vilianza kuuzwa barabarani: sabuni za rangi, betri, biskuti za maboksi, mitumba ya kila aina. Mimi nilikuwa na benchi moja la mbao, nimeligongelea misumari mwenyewe, na juu yake nilipanga pipi, viberiti, nyembe na jojo, ule ubani wa kutafuna. Benchi lilikaa barazani kwa mama mmoja mshonaji, mjane, mtu wa kanisani, aliyekuwa na cherehani mbili, moja ya kazi na moja ya vipuri. Nafasi ile alinipa bila kodi. Masharti yake yalikuwa mawili: nifagie baraza kila asubuhi, na nisilete fujo, kwa sababu wateja wake walikuwa akina mama wa kwaya wanaoleta vitambaa vyeupe. Nilimwita mayu, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Yeye aliniita ngosha, yaani mwanaume, na alivyokuwa akilitamka hilo neno, ulijua siku hiyo umefanya vizuri au umefanya vibaya.

Baraza lile ndilo lililonilea. Lilikuwa na kivuli mchana kutwa na lilitazama njia ya kwenda mnadani, hivyo siku ya mnada kila mtu alipita mbele ya benchi langu. Kulikosa baraza lile kulikuwa na maana ya kurudi kubeba magunia. Msomaji alishike hilo, maana ndilo jambo lenyewe.

Sasa, kwenye kila pakiti ya jojo kulikuwa na kadi ndogo yenye picha ya mnyama, na pembeni namba ya nguvu zake. Simba alikuwa tisini na tano. Mamba themanini na nane. Tai themanini. Chini kabisa kulikuwa na fisi wa kumi na tano, punda wa kumi na mbili na sungura wenye namba isiyofika hata kumi. Fisi walikuwa wengi ajabu. Nadhani kiwandani walikosa picha nyingine. Waliotengeneza walidhani watoto watakusanya. Pale kwangu waliokusanya walikuwa watu wazima wenye ndevu.

Mchezo wenyewe tuliutunga pale pale. Watu wanne wanakaa kuzunguka kreti ya soda iliyogeuzwa. Kila mmoja ana fungu lake la kadi thelathini, alizozipata kwa kununua au kubadilishana. Zamu yako ikifika unaweka kadi mbele ya mtu yeyote unayemtaka, naye lazima ajibu kwa kadi yake. Namba kubwa inakula ndogo, na iliyoliwa inatoka. Wanyama wa aina moja wanaruhusiwa kuungana: fisi wawili wa kumi na tano wanahesabiwa thelathini. Kadi zikikuishia, unanyanyuka. Anayebaki peke yake ndiye mshindi, na anachukua kadi moja kwa kila aliyeshindwa.

Ni hayo tu. Lakini ukiwakalisha watu wanne, kila mmoja na fungu alilolijenga mwenyewe, unagundua kwamba jambo gumu si kucheza. Jambo gumu ni kujua nani akae na nani. Fungu moja likizidi, wengine watatu wanapoteza muda wao, na mtu aliyepoteza muda wake siku ya mnada ana mdomo mchafu.

Meza yangu kubwa ilikuwa na watu wanne. Wa kwanza karani wa kampuni ya pamba, kijana wa suruali ya mikunjo, mwenye kalamu mbili mfukoni. Wa pili mama muuza dagaa kutoka Nassa, aliyekuja kila mnada na magunia yake na kuondoka na harufu yake. Wa tatu mswagaji wa ng'ombe kutoka Mwandoya, mzee si mzee, kijana si kijana, shuka moja jeusi, fimbo moja, na mashavu yaliyojaa tumbaku. Wa nne nilikuwa mimi, mwenye benchi, mwenye kreti, na mwenye fungu zuri kuliko yote wilaya nzima. Nilikuwa na simba wanne. Mamba watano. Tai sijui wangapi. Nilikuwa nikiwapanga juu ya benchi asubuhi kama mtu anayeanika mpunga, ili watu wapite wakiwaona.

Na mswagaji wa Mwandoya ndiye aliyekuwa akishinda.

Karibu kila mnada. Yeye mwenye fisi na punda. Kadi zake zilikuwa zimekunjamana, nyingine zina alama za vidole vya tumbaku, nyingine aliziokota chini watu walipozitupa. Mwanzoni tulicheka. Baadaye karani aliacha kucheka. Siku moja alinyanyuka akaipiga kreti teke.

"Huyu mtu anaiba!"

"Naiba nini, baba?" mswagaji akauliza, ametulia kama yuko kwake. "Fisi? Nani anaiba fisi?"

"Haiwezekani ushinde na takataka hizo!"

"Basi nipe simba wako, nishinde kwa heshima."

Mama wa Nassa akaangua kicheko, karani akadhani anachekwa yeye, na kweli alikuwa anachekwa yeye. Wakashikana shuka na kola. Cherehani ikanyamaza. Mayu alikuja mlangoni na mkasi mkononi, akasubiri mpaka walipoachana, kisha akanitazama mimi, si wao.

"Ngosha. Nakupa minada minne. Kama meza yako haiwezi kukaa bila vita, utahama nayo."

"Mayu, hilo dogo," nikasema. "Tatizo ni mafungu hayalingani. Nitayapima. Mimi ni mtu wa mizani."

Na nilikuwa nasema kweli. Katika watu wote walioshika pamba upande ule, hakuna aliyekuwa na mkono kama wangu. Pamba ina madaraja mawili, pamba safi na pamba fifi, na mimi nilikuwa nikizamisha mkono ndani ya gunia, nikatoa konzi moja, na bila hata kuitazama vizuri nikakwambia mkulima ameficha fifi upande gani. Basi kadi thelathini zitanishinda?

Mnada wa kwanza nilipima kama pamba. Kabla ya kuanza nikazamisha mkono kwenye kila fungu nikachomoa kadi tano. Fungu la karani: safi. La mama wa Nassa: safi, imechanganyika kidogo. Langu: safi kabisa, hata sikuchomoa, kila mtu alilijua. La mswagaji: fisi, fisi, punda, fisi, sungura. Nikamrudishia.

"Fifi tupu," nikatangaza. "Kwa kuwa meza ni ya haki, huyu tunamwongezea kadi tano kutoka kwenye zilizotupwa."

"Asante sana, mtu wa pamba," akasema. "Mungu akuongezee na wewe."

Akapokea kadi tano. Tatu zilikuwa fisi. Akashinda kabla chai ya mayu haijapoa.

Nikasema ni bahati. Mnada wa pili nikaacha konzi, nikatumia hesabu. Shule yangu ilikuwa fupi, lakini kujumlisha nilijifunza kwenye mizani ambapo kosa linakatwa kwenye malipo yako, na hakuna mwalimu mkali kuliko huyo. Nikachukua mkaa, nikaandika sakafuni jumla ya namba za kila fungu. Langu lilikuwa juu. La karani chini kidogo. La mama wa Nassa chini tena. La mswagaji lilikuwa chini kabisa, kama mtoto wa kambo. Nikafanya kilichoonekana haki: kila mmoja akaongezewa kadi mpaka jumla yake ikaribie yangu. Mswagaji aliongezewa rundo zima. Alizipokea kwa mikono miwili akiinamisha kichwa, kama anapokea sakramenti.

Sitaki kuisimulia michezo ya siku ile. Itoshe kusema mswagaji alimaliza akiwa na kadi nyingi kuliko wengi wetu tulizoanza nazo. Karani alilirusha fungu lake hewani. Kreti ikapinduka, glasi ya chai ikaruka, na chai ikatua juu ya kitambaa cheupe cha kwaya kilichokuwa kimekunjwa kwenye kiti cha mlangoni.

Mayu hakupiga kelele. Alikichukua kitambaa, akakitia kwenye beseni na limau, akakifua mbele yetu sote, taratibu, tukiwa tumesimama. Sisi watu wazima wanne, mmoja ana kalamu mbili mfukoni. Alipokianika akasema, "Umebakiza miwili," akarudi kwenye cherehani.

Mnada wa tatu sikufungua meza. Nilimwachia mama wa Nassa anitazamie benchi, nikaenda mnadani kumtafuta mswagaji. Ilinichoma kwenda. Mtu kama mimi hakuwa na desturi ya kwenda kuuliza. Nilimkuta amesimama kwenye vumbi kati ya ng'ombe, amefurahi kama bwana harusi.

"Mwangaluka," nikamsalimia.

"Mwangaluka, mtu wa pamba. Mhola?"

"Mhola," nikamjibu, yaani salama. "Nimekuja unieleze unavyoshinda."

Alitema tumbaku, akaifikiria hiyo haja yangu. Kisha akaninyooshea fimbo makundi mawili ya ng'ombe, kila moja kumi.

"Ungekuwa unaoa, ungepeleka lipi ukweni?"

Nikatazama. La kushoto lilikuwa la madume, yamenona, ngozi zinang'aa. La kulia lilikuwa mchanganyiko: majike ya mbavu mbavu, mitamba miwili, dume moja la umri mkubwa, na ng'ombe mmoja mzee mwenye pembe iliyovunjika.

"La kushoto," nikasema. "Hata kipofu."

Alicheka mpaka akashikilia fimbo kwa mikono yote. Akawaita wenzake. "Njooni mmwone! Huyu angepeleka madume kumi ukweni! Baba mkwe angenywa maziwa ya nani?" Nilisimama pale wachungaji sita wakinicheka, mimi niliyekuwa sishangazwi na kitu. Walipomaliza, aliniweka pembeni, na hapo akasema vizuri, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake.

"Wewe unapima mmoja mmoja. Gunia la pamba sawa, kila konzi ni pamba. Kundi si hivyo. Yule mwenye pembe iliyovunjika unamwona? Bila yeye hawa hawavuki mto. Yeye akitangulia, wengine wanafuata. Ukimuuza peke yake hupati kitu. Fisi wangu ndio hao. Mmoja si kitu. Watano wakiungana wanamkaribia tai wako, sita wanamla wakasaza."

"Lakini simba atawala hata hao sita."

"Simba wako hajawahi kufika kwa fisi wangu! Ndiyo nakwambia. Karani akiona simba wanne kwako, anamtuma nani kwa nani? Mamba wake wote anawatuma kwako. Mama dagaa naye vile vile. Mnaumizana nyie watatu, mimi natafuna tumbaku. Nikija kuamka, mmebaki na vipande." Akanigusa kifua kwa ncha ya fimbo. "Ukiondoka mezani, mimi ni mtu wa kawaida kabisa. Wewe ndiye dume linalovunja zizi. Umepima mafungu ya watu wote, mbona lako hukulipima?"

"Langu linajulikana. Nililipata kwa bahati yangu."

"Haya," akasema. "Bahati."

Nilirudi barazani jua likiwa kali. Mama wa Nassa alinikabidhi benchi akaenda kwenye dagaa zake. Nikakaa nikiwatazama simba wangu wanne. Nadhani nilikuwa naongea peke yangu, kwa sababu mayu alinijibu. Hakugeuka, mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

"Bahati yako ina harufu ya uji, ngosha."

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo kwa miaka mingi sikulieleza. Pakiti ya jojo ilifungwa kwa karatasi iliyogandishwa kidogo tu nyuma. Ukiwa na kucha nzuri unaifungua bila kuichana. Mimi nilikuwa nazifungua asubuhi, kabla sijapanga benchi. Nikikuta simba, mamba au tai, ninamtoa, ninaweka fisi mahali pake, ninaigandisha tena kwa uji mzito wa dona na kuipanga na wenzake. Mara moja moja nilimwacha mmoja apite, watu wasikate tamaa. Nilikuwa nimemaliza katoni mbili kwa namna hiyo na nimeanza ya tatu. Ndiyo maana fisi walikuwa wengi Bariadi. Sikumdanganya msomaji nilipolaumu kiwanda; hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wateja, na uongo ukiusema sana unaanza kuuamini.

Na fisi wote wale, wale ambao mswagaji alikuwa akiwaokota chini, nani aliwatia kwenye pakiti? Nilikuwa namlisha mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi nikalifikiria hilo, na nilishangaa. Nakiri. Nilishangaa mpaka nikacheka.

"Mayu," nikasema, "umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuniomba uji na hunywi."

"Mbona hukusema?"

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mimi sikukupa baraza nikuchunge. Na sasa sitasema. Lakini mnada ujao ukiharibika nitakuondoa, na watu wataniuliza kwa nini, na mimi kudanganya sijui. Basi wewe jua." Akairudisha sindano chini akaendelea na mshono.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, nilikaa mwenyewe kwenye kreti. Nikajenga mafungu matatu yanayofanana na ya wenzangu, kadiri nilivyoyakumbuka, na nilikuwa nayakumbuka yote, hicho ni kipaji changu. Fungu la nne nikaweka langu. Nikacheza mikono yote minne, nikizunguka kreti, nikikaa kila upande, nikijitahidi kila nikikaa niwe mchoyo kama mwenye upande ule angekuwa. Fisi wakashinda. Nikarudia, fisi wakashinda. Kisha nikaondoa fungu langu, nikaweka kadi thelathini za kuokoteza. Karani akashinda. Nikarudia, akashinda mama wa Nassa. Nikarudia, fisi. Nikarudia, karani tena, lakini kwa kadi moja tu. Nilicheza mpaka magoti yakauma. Hakuna fungu lililoshinda mara tatu mfululizo. Meza ilikuwa imekaa sawa, na dawa ilikuwa ni mimi kuondoa mali yangu.

Ni rahisi kuandika sentensi hiyo leo.

Mnada wa nne niliazima beseni la mayu, lile lile la limau, nikaliweka juu ya kreti. Walipofika wote watatu niliwaambia wakae kwanza, wasichanganye kadi. Karani alishaanza, "Leo utapima kwa nini, bwana mkubwa? Kwa futi?"

"Leo napima langu," nikasema. Nikawaeleza. Katoni mbili na kipande, kucha, uji, fisi. Nilieleza haraka kama mtu anayetoa mwiba. Watu wengine wa mnadani wakasimama kusikiliza, sikuwafukuza.

Mama wa Nassa ndiye aliyeanza.

"Yaani mimi nimetafuna jojo zako zote zile mpaka taya linauma, nikitafuta simba, na simba walikuwa mfukoni mwako?"

"Ndiyo, mama."

"Na uji juu?"

"Kidogo tu, mama. Nyuma ya karatasi."

"Nimekula uji wake!" akawageukia watu, na hapo kicheko kilipasuka, na mimi nikajua sitapigwa. Karani peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, na nilijua neno lake likiwa baya, baraza limekwisha.

"Na fungu letu la simba litakuwaje?" akauliza.

Nilikuwa nimelifikiria. Nikawaambia simba, mamba na tai wote nawagawa hapa hapa barazani, kila mtu aliyewahi kununua kwangu achomoe mmoja bila kutazama, mpaka waishe. Na beseni nikalijaza pakiti mpya za jojo, katoni zimefunguliwa mbele yao, hazijaguswa na ukucha, kwa idadi ile ile niliyoifungua. Kila mtu aliyenunua achukue zake.

"Na wewe utacheza na nini?"

"Nyinyi ndio mtanichagulia. Kuna zile zilizotupwa. Kila mmoja wenu anichagulie kumi."

Hapo karani alicheka. Alicheka kwa moyo wake wote. Sijawahi kuona watu wakichagua kitu kwa furaha namna ile. Mama wa Nassa alinitafutia sungura mmoja baada ya mwingine, akinionyesha kila mmoja kama anaonyesha kitenge. Karani alinipa punda saba, akasema wanafanana nami. Mswagaji alichagua polepole, akatia mkono kwenye rundo, akatazama, akarudisha, na mwisho akanipa kumi zake, na kati yake kulikuwa na fisi watano. Nilimtazama. Alikuwa anatazama ng'ombe wanaopita.

Kabla ya kuanza niliweka sheria moja mpya, na sheria hiyo iliendelea barazani kwa miaka yote ambayo mchezo uliishi. Kila mtu alisema wazi fungu lake linataka kufanya nini, kama ng'ombe wa mahari wanavyotajwa mbele ya watu: huyu ana mimba, huyu anapiga teke, huyu jicho moja. Mswagaji akasema, "Mimi nina fisi kumi na nane, nangoja mgombane." Karani akasema ana mamba wawili, na moyo wake hauwezi kuvumilia kungoja. Mama wa Nassa akasema, "Langu la kubahatisha, lakini tai niliyemchomoa leo simtoi mpaka mwisho." Mimi nikasema nina punda.

Tukacheza. Punda wanaungana, msomaji. Punda saba wa kumi na mbili ni themanini na nne, na karani mwenyewe ndiye aliyenipa saba. Walimla tai mmoja wa karani asiyejua kilichompata. "Hao punda niliwachagua mimi!" akapiga kelele, na nikamjibu, "Na wanakushukuru, bwana." Hakuna aliyetuma kadi zote kwa mtu mmoja, kwa sababu hapakuwa na wa kumwogopa peke yake. Kila mzunguko hatari ilihama. Fisi walilazimika kuamka mapema, maana kila mtu sasa alijua wapo, na kila walipoungana walikutana na mtu ambaye bado ana kitu mkononi. Karani alitoka wa kwanza, na alipotoka hakupiga kreti teke. Alizunguka akachuchumaa nyuma ya mama wa Nassa kumsaidia kuhesabu. Mswagaji akatoka wa pili. Alitazama mahali fisi wake walipokuwa, akatema tumbaku nje ya baraza, mbali na mlango.

"Leo umenipima, mtu wa pamba," akasema.

Nimeuza vitu vingi maishani, nimenunua pamba ya vijiji vizima, na watu wamenisifu mbele ya wakubwa. Sifa niliyoiweka moyoni ni hiyo ya mtu aliyeshindwa.

Tulibaki mimi na mama wa Nassa. Mimi na sungura wawili, yeye na tai wake. Sikuwa na la kufanya. Niliwaweka sungura pamoja, kwa heshima, na tai akawala. Wa pili, kwa fungu la taka! Nimeshajisifu kwa mambo madogo kuliko hilo. Nilipogeuka nikagundua cherehani ilikuwa imenyamaza kitambo. Mayu alikuwa amesimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, na hakuwa na mkasi.

"Kumbe ni mchezo mzuri," akasema. Kisha, akiwa ameshanipa mgongo, "Ngosha, kesho ufagie na upande wa nyuma."

Nilifagia na upande wa nyuma. Nilifagia mpaka nilipopata duka, na duka la pili, na jengo hili ninaloandikia, ambalo lina baraza pana kuliko lile, na kwenye kona yake kuna kijana na benchi lake, hanilipi kitu. Mayu ameshatangulia. Sanda yake niliinunua mimi, nyeupe, na nilihakikisha hakuna mtu anakunywa chai karibu nayo. Mswagaji sikumwona tena baada ya minada kuhama. Nikipita Mwandoya huwa natazama kila shuka jeusi.

Watu huniuliza nilipata wapi elimu ya biashara, na huwa nawajibu kwamba niliinunua. Wakiuliza bei, wanadhani nitataja kitu kikubwa. Zilikuwa pakiti mia mbili na kumi na nne za jojo, shilingi ishirini kila moja. Shilingi elfu nne mia mbili na themanini.